Unapoipigia Ofisi Simu: Yanayotendeka Upande wa Pili wa Waya

Mazungumzo na watumiaji wa huduma



Tulipotangaza kwamba leo tutazungumzia simu za maofisini, wapo waliotuuliza kuna jambo gani la kuzungumza hapo. Simu si hupigwa ikapokewa, basi? Laiti ingekuwa hivyo. Malalamiko mengi yanayofika mezani kwetu, yawe ya benki, ya maji, ya bima au ya mizigo iliyopotea, huanza kwa maneno yale yale: “Nilipiga simu.” Nilipiga simu haikupokewa. Nilipiga nikaambiwa nisubiri. Nilipiga nikahamishwa kutoka mtu hadi mtu. Nilipiga, salio likaisha.

Mama mmoja muuza vitenge alifika kwetu na stakabadhi ya wakala mkononi. Alikuwa amemlipa muuzaji wake wa jumla shilingi 640,000 kwa wakala wa benki, na alipoisoma stakabadhi akaona kwamba tarakimu mbili za akaunti zilikuwa zimepishana. Fedha imekwenda kwa mtu asiyemjua. Mama hakupoteza muda. Palepale dukani kwa wakala aliipigia benki kwa namba ya mezani iliyoandikwa chini ya stakabadhi. Mtambo ukapokea, ukamkaribisha kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, ukamweleza habari za mikopo ya nyumba, ukamtaka abonyeze moja, kisha nne, halafu ukampigia muziki. Alisubiri hadi salio likakatika. Akakopa vocha, akapiga tena, akaanzia mwisho wa foleni. Alipompata mhudumu, mhudumu yule alikuwa mpole na mwepesi wa kazi, naye aliizuia akaunti ile mara moja. Ila fedha ilikuwa imekwisha kutolewa.

Tumeisimulia habari hii kwa sababu hatukuona mtu wa kumlaumu katika mazungumzo yenyewe. Muda wa mama uliliwa na namna mitambo ya simu ilivyopangwa, na mpango huo uliwekwa na mtu, kwa uamuzi, siku fulani. Mwenye kuujua hupungukiwa na hasara, na pia hujua la kudai.

Ofisi yenye vyumba thelathini haina laini thelathini za kutoka nje. Huwa na laini chache, labda nne au nane, na katikati yake kuna mtambo ambao wengi wetu tunauita swichibodi. Zamani swichibodi ilikuwa meza yenye matundu na nyaya, na mtu ameketi mbele yake akichomeka na kuchomoa. Leo ni kisanduku kidogo ukutani, au ni programu tu ndani ya kompyuta. Kazi yake ni ile ile: kuzigawa laini chache kwa watu wengi. Kwa hiyo unaposikia mlio mfupi mfupi wa kuonyesha kwamba laini inatumika, usidhani kwamba yule unayemtafuta anazungumza na mtu mwingine. Huenda ameketi kimya akisoma gazeti, ila milango yote ya kuingilia imejaa. Na unaposikia simu ikiita bila kupokewa, jua kwamba umekwisha kuingia mlangoni. Asiyejibu ni mtu, au kundi la watu, kwa maana swichibodi nyingi hupangwa ili simu isipopokewa kwenye meza ya kwanza iende ya pili, kisha ya tatu. Ndiyo sababu mara nyingine unasikia mlio wa kuita ukibadilika katikati. Usikate hapo. Simu yako inatembea.

Kugawa simu kwa mashine ni jambo la tangu karne ya kumi na tisa, na chanzo chake, kama inavyosimuliwa, ni lalamiko. Almon Strowger alikuwa mzishi katika mji wa Kansas City, Marekani. Aliamini kwamba opereta wa mji alikuwa akiwapeleka wateja wake kwa mzishi mshindani. Akaunda mtambo wa kuunganisha simu bila opereta, akaupatia hataza mwaka 1891. Hasira ya mtu mmoja imetupa kitu ambacho leo kinawakasirisha wengi, lakini tusimlaumu marehemu.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Simu inapoita tu, hulipi kitu. Gharama huanza pale upande wa pili unapopokea, na mtandao wako hautofautishi kupokewa na mtu na kupokewa na mashine. Sauti ile tamu inaposema “karibu, simu yako ni muhimu kwetu”, saa imekwisha kuanza kuhesabu. Muziki unaosikiliza unaulipia. Tangazo la mikopo unalilipia. Ofisi inaweza kabisa kuuamuru mtambo wake uendelee kuita hadi mhudumu apatikane, na mteja asitozwe hata senti. Inaweza pia kuuamuru upokee upesi na kumweka mteja foleni. Kila njia ina sababu zake, kwani foleni humhakikishia mteja nafasi yake, na simu inayoita tu haina zamu. Hata hivyo, ofisi iliyochagua foleni kwa gharama ya mteja imechukua jukumu la kuifanya foleni iwe fupi, na haki ya kuikumbusha hivyo ni yenu.

Hapo mseme mnataka namba isiyotozwa. Namba zinazoanza na 0800 hulipiwa na anayepigiwa. Ofisi nyingi kubwa zinazo, ila huziandika kwa herufi ndogo kwenye tovuti, huku namba ya mezani ya 022 au 026 ikiwa imechapishwa kwa wino mzito kwenye stakabadhi. Mama yetu wa vitenge hakuwa na sababu ya kujua. Tunawasihi: kabla hamjapatwa na tatizo, siku mkiwa na nafasi, tafuteni namba isiyotozwa ya benki yenu na ya kila huduma mnayoitegemea, muihifadhi kwenye simu kwa jina mtakalolikumbuka hata mkiwa na hofu. Kwa mitandao ya simu za mkononi, namba ya huduma kwa wateja ni 100.

Mbona foleni huwa ndefu hata pale ambapo ofisi inasema ina wahudumu wa kutosha? Swali hili lilijibiwa zamani na mwanahisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen na kuanza kuchapisha matokeo yake mwaka 1909. Tuchukue ofisi inayopokea simu 60 kwa saa, kila simu ikichukua dakika tatu. Hizo ni dakika 180 za mazungumzo. Mkuu wa ofisi anapiga hesabu: mhudumu mmoja ana dakika 60, kwa hiyo watatu wanatosha. Hesabu ni safi, na bado imekosea. Simu haziji kwa mstari kama watoto wa shule. Huja tano kwa mkupuo, kisha kimya, kisha saba. Dakika za kimya zimepotea, haziwezi kuwekwa akiba. Kwa hiyo wahudumu watatu hawamalizi kamwe, na foleni hurefuka siku nzima. Akiongezwa wa nne, kwa kanuni ya Erlang, mtu husubiri kwa wastani dakika moja na nusu hivi. Akiongezwa wa tano, kusubiri kunashuka hadi sekunde zipatazo ishirini tu.

Tazameni tofauti hiyo. Mtu mmoja zaidi kwenye kiti, na maelfu ya wateja wanaokoa salio lao. Tunapokaa na watoa huduma, hoja hii tunaitanguliza, na tungependa ninyi pia muijue, ili mtu akiwaambia “tunapokea simu nyingi kuliko kawaida” kila siku ya mwaka, mjue kwamba hiyo ndiyo kawaida yake na kwamba hajaajiri mtu wa tano.

Mitambo ya siku hizi ina kipengele kingine ambacho ofisi chache hukitumia: mteja anabonyeza namba moja, anakata, na mtambo unamtunzia nafasi yake foleni kisha unampigia zamu yake ikifika. Mkikutana nacho, kitumieni. Msipokutana nacho, kiulizieni. Na kama hakuna namna, basi chagueni saa. Ofisi za umma hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, na katika uzoefu wetu saa ya kwanza ya Jumatatu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu kila aliyepata tatizo tangu Ijumaa jioni anapiga wakati ule.

Kuhusu menyu ya sauti, ile ya bonyeza moja, bonyeza mbili, tuna machache. Sikilizeni hadi mwisho mara ya kwanza na mwandike njia: kwa mfano, mbili, kisha tatu, kisha sifuri. Mara nyingi mtambo unakubali ubonyeze kabla haujamaliza kusema, hivyo mara ya pili mtapita upesi. Ofisi nyingi zimeweka sifuri kuwa njia ya kumfikia mtu. Na tuseme wazi maoni yetu: menyu inayoanza kwa lugha ambayo wapigaji wengi hawaitumii nyumbani, au inayoficha njia ya kumpata mtu baada ya ngazi ya nne, imeandikwa na mtu asiyewahi kuipiga namba hiyo akiwa na shida. Mzee mwenye usikivu hafifu, au mtu aliyeazima kitochi cha jirani, hana subira ya kuisikiliza mara tatu.

Kuhamishwa ni sura peke yake. Mhudumu anaweza kuhamisha simu kwa namna mbili. Ya kwanza, anabonyeza namba ya ndani ya mwenzake na kukata, bila kujua kama mwenzake yupo. Ya pili, anakusubirisha kidogo, anampigia mwenzake, anamweleza wewe ni nani na unataka nini, ndipo anawaunganisha. Kwa ofisi, ya kwanza huokoa nusu dakika. Kwako, hiyo ya kwanza ndiyo ile ambayo simu hukatika, au huita kwenye chumba kitupu, au hupokewa na mtu wa stoo anayekuuliza “wewe unamtaka nani?” na habari yako yote unaianza upya.

Kwa hiyo unapoambiwa “subiri nikuhamishe”, usikubali kwa kunyamaza. Sema kwa upole: “Ahsante ndugu, kabla hujanihamisha, nisaidie jina la ninayekwenda kuzungumza naye na namba yake ya ndani, simu isije ikakatika. Na tafadhali mweleze shida yangu.” Sentensi hizo mbili zimewaokoa wengi. Mhudumu ataona kwamba una kalamu mkononi, na mwenye kalamu huhudumiwa tofauti. Andika pia tarehe, saa, jina la mhudumu, na namba ya kumbukumbu ya lalamiko ukipewa, usipopewa, iombe. Shauri likifika kwetu bila vitu hivi, huwa tunaanza kazi gizani.

Ofisi ikiwa imefungwa, swichibodi huwekwa katika hali ya usiku: simu zote huenda kwa mlinzi au kwenye kisanduku cha ujumbe wa sauti. Ukiacha ujumbe, taja jina, kisha namba yako polepole, kisha shida kwa sentensi moja, halafu irudie namba. Usiache habari za siri humo, kwani huwezi kujua nani atausikiliza.

Tunaingia sasa kwenye lile onyo la “simu hii inaweza kurekodiwa”. Kurekodi kwenyewe si kubaya. Rekodi imewahi kumtetea mteja aliyeambiwa kwamba hakutoa taarifa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinakusanywa kwa lengo gani na haki ya kuomba kuzifikia, na sauti yako ikizungumzia akaunti yako ni taarifa yako. Lakini kumbuka kwamba kinachorekodiwa hukaa. Usitaje namba ya siri, hata ukiulizwa na mhudumu wa kweli. Mhudumu wa kweli haihitaji. Na msidhani kwamba kubonyeza ni siri kuliko kutamka. Kila kitufe unachobonyeza wakati wa mazungumzo hutoa milio miwili kwa pamoja, na jozi ya milio hiyo ni ya kitufe hicho peke yake. Tano ina jozi yake, sita ina yake. Mtambo hukutambua kwa milio hiyo, na aliyeirekodi anaweza pia kuitambua baadaye.

Tumebakiza jambo tunaloliona kuwa zito kuliko yote, nalo ni kuelekeza simu. Katika ofisi, katibu anayekwenda kula huielekeza simu yake kwa mwenzake ili mteja asikose kujibiwa. Anaweza kuielekeza wakati wote, au inapokuwa inatumika tu, au isipopokelewa. Ni kipengele chema, ukiondoa wale wanaokwenda likizo wakisahau kukiondoa.

Kipengele hicho hicho kimo ndani ya simu yako ya mkononi, hata kama hujawahi kukigusa. Huwashwa kwa kupiga nyota mbili, 21, nyota moja, namba ya mtu, na reli: **21*namba#. Namba 61, 62 na 67 zikikaa mahali pa 21, huelekeza simu pale tu usipopokea, usipopatikana, au laini yako inapotumika. Matapeli wanakijua vizuri. Mtu anakupigia akijitambulisha kwamba ni wa huduma kwa wateja, sauti yake ya heshima, nyuma yake kunasikika watu wengi wakizungumza kama ofisini. Anasema laini yako ina hitilafu, au umeshinda zawadi, nawe upige namba fulani ili kuithibitisha. Ukipiga, huoni badiliko lolote. Ila kuanzia dakika hiyo simu zinazokuja kwako zinakwenda kwake. Akaunti zinazothibitishwa kwa simu ya sauti zitamsomea yeye tarakimu zako. Dada yako akipiga, atapokea yeye, na kumwambia kwamba wewe uko hospitali na inahitajika fedha ya dawa. Ujumbe mfupi haufuati njia hii, na ndiyo sababu mwathirika hukaa siku nzima bila kushtuka: meseji zinaingia, anadhani simu ni nzima.

Dalili ni moja: watu wanakulaumu kwamba wamekupigia akapokea mtu mwingine, au simu yako imenyamaza kuliko desturi. Piga *#21# uone kama simu zako zimeelekezwa mahali. Ukikuta namba usiyoijua, piga ##002#, ambayo huondoa maelekezo yote kwa pamoja, kisha ipigie 100 mtandao wako, na namba ya tapeli uiripoti kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Na mtu yeyote akikupigia na kukutaka upige namba zenye nyota na reli wakati anazungumza nawe, kata. Wala usione haya kumkatia mtu mwenye heshima.

Msitegemee pia namba inayoonekana kwenye kioo. Ofisi yenye swichibodi huonyesha namba yake kuu, hata kama aliyekupigia yuko chumba cha mwisho, ndiyo sababu ukiirudia simu uliyoikosa, mapokezi wanakuuliza “nani alikupigia?” na wewe hujui. Waeleze huduma uliyoiomba kwao hivi karibuni, watakuelekeza idara. Namba inayoonekana inaweza pia kughushiwa. Ukiwa na shaka, kata, kisha upige wewe mwenyewe namba uliyoihifadhi siku ile ya utulivu tuliyoisema.

Huduma isipokuridhisha, peleka lalamiko kwanza kwa mtoa huduma, kwa maandishi, na majina na saa ulizoandika. Asipokujibu ipasavyo, mambo ya mawasiliano yapelekwe Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Ya umeme, maji na mafuta, EWURA. Ya usafiri wa ardhini, LATRA. Ya mabenki, Benki Kuu. Mama wa vitenge shauri lake lilianza hivyo, kwa ukurasa mmoja wa daftari wenye saa mbili alizopiga na muda ambao salio lilikatika kila mara.

Muda uliobaki ni wa maswali. Mwenye kutaka kukagua simu yake, mwenzetu ameketi pale karibu na mlango. Tafadhali bonyezeni wenyewe, msimkabidhi simu.